Krenki ya baiskeli mpya inacheza na duka limenikatalia: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mama wa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Mwezi uliopita nilimnunulia binti yangu baiskeli mpya ya gea, dukani mjini, ya kwendea shule ya sekondari. Baada ya wiki mbili akaniambia inalia kila akikanyaga kwa mguu wa kushoto. Alivumilia kama wiki moja hivi, ndipo nikaipeleka dukani. Kijana akakaza kwa spana, akasema imepona. Siku ya nne ikaanza tena, na sasa ule mkono wa pedali unacheza waziwazi. Niliporudi mara ya pili nikaambiwa binti anaendesha vibaya, kisha nikaonyeshwa kibao ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Risiti ya mashine ninayo. Je, ni kweli kosa ni la mtoto? Na nizungumze nao vipi? Mdogo wake naye anataka baiskeli, na majirani wananishauri safari hii nichukue ya mtumba ya Kijapani.

JIBU: Marahaba mama, na pole. Kabla ya yote, binti asiipande tena baiskeli hiyo, hata kuirudisha dukani. Aikokote, au ipakieni kwenye bajaji. Mkono huo unaweza kuchomoka wakati amesimama juu ya pedali, na akianguka barabarani gari likiwa nyuma yake, habari za risiti hazitakuwa na maana tena.

Sasa tuhakikishe ni nini hasa kinachocheza, kwa sababu pale katikati pana vitu vitatu vinavyofanana ubaya. Mkono wenyewe sisi mafundi tunauita krenki. Shika krenki ya kushoto, isukume ndani na kuivuta nje, kuelekea fremu na kutoka kwenye fremu, huku jicho lako likiwa kwenye krenki ya kulia. Zikicheza zote mbili kwa pamoja, tatizo ni gololi za ekseli ya katikati. Ikicheza ya kushoto peke yake na ya kulia imetulia, ni krenki yenyewe imelegea kwenye ekseli. Krenki ikiwa imara na pedali ndiyo inayoyumba, basi tazama uzi wa pedali, ile mikato ya skrubu inayoingia kwenye krenki. Kwa maelezo yako ninaamini ni hiyo ya pili, lakini fanya jaribio hili mwenyewe kabla hujaenda popote, maana ndiyo hoja yako ya kwanza dukani.

Kwa nini ililegea? Kwenye zile Phoenix za zamani krenki ilishikwa na kotapini, kipini cha chuma kinachopigwa nyundo kikaingia pembeni mwa ekseli. Kikichakaa unakitupa, unaweka kingine. Baiskeli nyingi za gea za leo hazina kotapini. Ekseli yake ina ncha ya mraba iliyochongwa ikawa nyembamba kidogo kuelekea nje, na krenki ina tundu la mraba la kuvaa ncha hiyo. Bolti au nati ya katikati ndiyo inayoisukuma krenki ipande kwenye mraba mpaka ibane kama shoka na mpini wake. Ekseli ni chuma kigumu, na krenki mara nyingi ni ya aluminiamu, ambayo ni laini zaidi. Hapo ndipo penye siri yote ya kesi yako.

Mkazo unaotakiwa pale ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, kama nyutoni mita 35 hadi 50. Kwa lugha ya gereji, chukua mpini wa spana wenye urefu wa sentimita 25, uning'inize mwishoni mwake mzigo wa kilo 16. Hapo umefika kama nyutoni mita 40. Kijana anayefunga baiskeli sita asubuhi kwa spana fupi ya kiganjani hafiki hapo. Tena kichwa cha bolti kimezama ndani ya krenki, kwa hiyo spana ya kawaida haikai vizuri. Inatakiwa soketi, mara nyingi namba 14, yenye ukuta mwembamba na mpini mrefu. Ningependa kujua kijana wa dukani alitumia kipi. Simlaumu sana yeye; kama bosi wake hakumnunulia soketi, angefanya nini?

Krenki ambayo haikubanwa sawasawa siku ya kwanza huanza kusogea kidogo sana kila mtoto anapokanyaga. Ndiyo ule mlio aliousikia. Kila mlio mmoja, chuma kinakula aluminiamu kwenye pembe za tundu. Baada ya siku kadhaa mraba si mraba tena, umekuwa duara lenye pembe hafifu. Ukifika hapo, kukaza hakuponyi. Bolti itabana, krenki itatulia siku tatu nne, halafu italegea tena, kwa kuwa haina tena kitu cha kukishika. Kwako ilirudi siku ya nne. Ninavyoona mimi, krenki hiyo imekufa, na kinachotakiwa ni krenki mpya. Mtu yeyote akikwambia "tuikaze tena", mkatalie. Wapo mafundi watakaokata kipande cha kopo la soda wakakichomeka kwenye tundu ili libane. Nimeshaziona nyingi zikija gerejini kwangu na kopo lake ndani. Inakupa wiki moja, na mara nyingine inaharibu na ncha ya ekseli.

Kuhusu mwendo wa binti: hapana. Krenki iliyobanwa vizuri inambeba mtu mzima aliyesimama juu ya pedali akipanda mlima na gunia la mkaa nyuma. Mwanafunzi wa sekondari hawezi kuilegeza kwa kukanyaga. Kosa ni la aliyeifunga. Lakini nikwambie ukweli wote, mama, ili usishtukizwe nalo dukani: ile wiki moja aliyovumilia mlio ndiyo iliyomaliza tundu. Kama angeiacha siku ya kwanza, pengine ingekazwa ikapona. Mwenye duka mjanja atalishika hilo. Wewe mjibu kwamba mtoto hakuambiwa na mtu kwamba mlio ule ni hatari, na anayeuza baiskeli mpya ndiye mwenye wajibu wa kusema, "ikilia, ilete siku hiyo hiyo."

Ushahidi wenyewe uko ndani ya baiskeli. Mwombe fundi wa karibu mwenye kifaa cha kuvutia krenki aitoe mbele yako. Asiipige nyundo, maana nyundo inaumiza gololi, halafu duka litapata la kusema. Ikitoka, piga picha tundu la kushoto mchana kweupe. Kisha mwambie atoe na ya kulia, upige picha tundu lake pia. Pembe za kulia utazikuta zimekaa kali, za kushoto zimeliwa. Baiskeli moja, mpandaji mmoja, njia ile ile ya Pongwe. Weka picha hizo mbili kando kwa kando. Zinasema mengi kuliko saa nzima ya kubishana.

Halafu nenda, lakini si Jumamosi wala saa ambazo duka limejaa. Nenda asubuhi siku ya kazi. Muulizie mwenye duka kwa heshima, si kijana wa kaunta, kwa sababu kijana hana mamlaka ya kukupa hata nati bila kuulizwa. Salimianeni vizuri, uliza habari za biashara. Hapa kwetu ukianza na lawama mlangoni, mtu anajifunga, na wateja wengine wakiwa wanasikiliza ndiyo hawezi kabisa kurudi nyuma. Kisha mwambie kitu kimoja kinachowezekana: "Sijaja kurudisha baiskeli wala kudai pesa. Krenki ya kushoto haikubanwa ilipofungwa, tundu limeliwa, picha hizi hapa. Naomba unibadilishie krenki hii moja, ifungwe kwa soketi mbele yangu." Wengi wanadai baiskeli nyingine nzima na kurudi mikono mitupu. Krenki moja ya kushoto ni kitu kidogo kwa mwenye duka, na hata mkaidi huona ni nafuu kuitoa kuliko kukuona tena kesho.

Akikubali, hakikisha urefu unalingana. Geuza krenki utazame upande wa ndani, mara nyingi pamegongwa namba kama 170, 165 au 152, ambayo ni urefu kwa milimita. Ya kushoto ikiwa 170 na ya kulia 152, mtoto ataendesha akichechemea.

Sasa kile kibao. Kinanikera, nakiri, kwa sababu kinamfanya mnunuzi aone aibu kuuliza jambo ambalo ni haki yake. Kibao hakifuti sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka sharti ndani ya mauzo hata kama hakuna aliyelitamka: mtu anayefanya biashara ya bidhaa fulani auze kitu chenye ubora unaostahili, na kinachofaa kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza. Ulimwambia ni baiskeli ya mtoto kwendea shule? Basi hiyo ndiyo kazi yake. Juu ya hiyo ipo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inamlinda mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayopokea malalamiko ya namna hii. Usiitaje FCC ukiwa unaingia. Itaje mwishoni, kwa sauti ya kawaida, kama mwenye duka amekukatalia kabisa: "Basi nitaandika malalamiko FCC, nitaambatanisha risiti na picha." Na kama hukusudii kuandika kweli, usiseme.

Umefanya jambo la maana sana kuchukua risiti ya mashine. Wengi hukubali kupunguziwa elfu chache ili wasipewe risiti, na siku kama hii hawana pa kusimamia. Kwa baiskeli ya mdogo wake ongeza jambo moja: igeuze juu chini, chini ya fremu pale krenki zinapokutana mara nyingi utakuta namba imegongwa kwenye chuma. Mwombe muuzaji aiandike namba hiyo kwenye risiti au karatasi yenye mhuri wa duka. Hapo hakuna wa kusema "hii si baiskeli yetu," na ikiibiwa polisi watakuwa na kitu cha kutafuta.

Mpya au mtumba? Mimi napenda zile za Kijapani. Nyingi zina fremu nzuri, na kwa Tanga yetu iliyo tambarare, gea tatu zinamtosha mtoto. Lakini ujue mtego wake, ambao ni matairi. Mtu ataambiwa "ni namba 26, tairi zipo tele", anunue, na tairi likiisha aende dukani apewe 26 isiyoingia. Ziko 26 za aina mbili. Ile ya baiskeli za gea zenye tairi nene, inayoandikwa kwa mfano 26 x 2.125, inavaa rimu ya milimita 559. Ile ya baiskeli nyingi za Kijapani, 26 x 1 3/8, inavaa rimu ya milimita 590. Tofauti ni milimita 31, hakuna nguvu ya mikono itakayoziba hilo, na muuzaji wa tairi akishalifungua atakusomea kibao kile kile. Ubavuni mwa tairi, kwa maandishi madogo, kuna namba kama 37-590. Isome hiyo ya pili, iandike kwenye simu yako, na ununue tairi kwa namba hiyo. Zipo na za 27, na hizo za Kijapani za 27 x 1 3/8 rimu yake ni 609. Hizo tafuta tairi kwanza kabla hujatoa pesa ya baiskeli.

Dukani, iwe mpya au mtumba, usinunue iliyokwisha kufungwa ukutani bila kuijaribu. Fanya lile jaribio la krenki nililokueleza. Zungusha kila gurudumu uone kama linagusa breki upande mmoja. Bana breki zote mbili kwa nguvu. Mkono wa breki ukigusa usukani, waya haujavutwa. Kisha tazama pedali, na hapa fungua macho: pedali ya kushoto ina uzi wa kinyume, inakazwa kuelekea kushoto. Zina alama, L ya kushoto na R ya kulia. Kijana mwenye haraka akizichanganya akalazimisha kwa spana, uzi wa krenki unakatika, na utarudi kwangu na swali linalofanana na hili. Ukiona pedali imeingia upande, haijanyooka, ikatae hapo hapo.

Mwulize pia muuzaji swali moja: "Ikilegea kitu ndani ya mwezi wa kwanza, nani ataikaza, na kwa bei gani?" Sikiliza anavyojibu. Mwenye duka anayesema "ilete, hiyo ni kazi yetu", mlipe hata kama amezidi kwa elfu kumi. Anayecheka au kutazama pembeni, ndugu zangu, mimi ningeenda duka la pili.

Ukishabadilishiwa krenki, binti aendeshe siku mbili tatu, kisha bolti ijaribiwe tena kwa soketi ile ile. Ikigoma kusogea, weka kile kifuniko chake cha plastiki, aende shule.