Pole ya kifungo, nani aipeleke?

Mmeuliza wiki hii kama familia ya mfungwa ipewe pole kama wafiwa. Nimejibu moyoni kabla sijamaliza kusoma: ndiyo, tena pole kamili. Linalonisumbua ni nani aipeleke.

Shangazi yangu anaishi Mbagala. Mumewe alipofariki, turubai lilifungwa kabla ya adhuhuri, na akina mama wa kikundi cha kufa na kuzikana wakapika mpaka matanga yakaisha. Mwanawe alipohukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, baada ya kusota mahabusu na ile kauli ya "upelelezi haujakamilika", tulirudi kutoka mahakamani tukakuta uwanja mtupu. Shangazi akakaa barazani, viatu hajavua. Watu wakipita, "Za leo, mama?" naye anaitikia, "Nzuri." Jirani mmoja akasimama muda mrefu, mwishowe akauliza mkaa siku hizi unauzwaje, akaenda zake. Nilikuwa ndani nachemsha chai, nasikia. Mkaa ule unaniuma mpaka leo, kwa sababu najua alikuja kutoa pole. Msibani tunasema kazi ya Mungu haina makosa. Nani angethubutu kumwambia hivyo mama wa mfungwa?

Kwenye kikao cha kikundi mwenzake mmoja akauliza kama shangazi atachangiwa. Katibu akafungua daftari: kifo, kulazwa hospitali, harusi. Kifungo hakimo. Hakuna aliyebisha, maana kijana wa bodaboda aliyekatwa panga usiku ule wa unyang'anyi, mama yake naye ni mwanachama, na alikuwa amekaa palepale mkekani. Mwanawe hakunji tena vidole vya mkono wa kulia.

Nilianza kuandika nikitaka kusema kikundi kilimtupa shangazi. Nikimfikiria yule mama, siwezi. Kumchangisha yeye kwa ajili ya nyumba ile kungekuwa ukatili. Basi turubai na michango, hapana, walau pale aliyeumizwa anapoishi mtaa huohuo. (Mahabusu ambaye kesi yake haijaamuliwa simuweki humu, huyo bado hana hatia.)

Lakini kubisha hodi jioni, kumpa shangazi nauli ya kwenda gerezani, kumtumia sabuni na dawa ya meno za kumpelekea mwanawe, kuwakanya watoto wasimzomee mjukuu wake njiani, hayo hayangojei daftari. Mama wa yule kijana simdai hata moja. Sisi wengine tulikuwa mtaa mzima.