Jibu: Kama Mungu alijua, Yuda angefanyaje?

Mkuu umeuliza kama Mungu alijua tangu zamani Yuda atamsaliti Yesu, je Yuda alikuwa na uwezo wa kukataa? Mi nasema alikuwa nao, maana kujua kitu na kukisababisha ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukisimama juu kule kilima cha Bugando, Mwanza, ukaona kivuko cha Kamanga kinakaribia na bodaboda anakimbiza abiria akiwahi, unawaona wote kwa mpigo ila hujamshikia yeyote usukani. Boethius, mwanafalsafa Mkristo wa Roma, aliliandika hili akiwa kifungoni karne ya 6, kwamba Mungu hasubiri kesho ifike kama sisi, kwake yote yapo mbele ya macho.

Ila sehemu inayonigusa zaidi ni 1 Samweli 23, wengi wanairuka sijui kwa nini. Daudi yupo mji wa Keila akimkimbia mfalme Sauli anayetaka kumuua, anamuuliza Mungu, Sauli atakuja? Anaambiwa atakuja. Watu wa hapa watanikabidhi kwake? Watakukabidhi. Basi Daudi na watu wake kama 600 wakaondoka zao, Sauli kusikia hivyo akaacha kwenda, na hakuna aliyekabidhiwa! Yani Mungu alijua mpaka kile ambacho kingetokea endapo Daudi angebaki, na bado uamuzi wa kuondoka ulikuwa wa Daudi. Molina, padri Mjesuti wa Hispania, alilijengea hoja nzima mwaka 1588. Wafuasi wa Calvin, yule mwanamageuzi wa Kiprotestanti, hawakubaliani naye, wao wanasema Mungu anajua kwa sababu ameshapanga, hapo mi nashindwa kuwafuata kwa sababu Petro naye aliambiwa kabla kwamba atamkana Yesu, akamkana kweli, halafu akatoka nje akalia kwa uchungu, sasa alikuwa analilia nini kama kosa halikuwa lake?