Cusco mwezi wa sita: anzia chini kwanza

Dada, umeuliza kama siku 5 za Cusco, kule Peru, mwezi wa sita zinatosha kuona Machu Picchu, yale magofu ya Wainka mlimani, na mila za watu wa kule. Zinatosha, ila usiku wa kwanza usilale Cusco, mji uko kama mita 3,400 juu kichwa kitakugonga balaa, we teremka Ollantaytambo, mji mdogo wa jirani, ni chini kidogo, pumzika, kunywa chai ya koka ndo uanze kuzunguka. Tiketi ya Machu Picchu kata mapema sana. Ila nakuomba usiikose Chinchero, kijiji cha wafumaji karibu na Cusco, kina mama wanakusagia kiganjani vile vidudu vya kwenye mpungate inatoka rangi nyekundu kabisa, wakikamulia limao inageuka machungwa hapo hapo, ndo wanatilia sufu ya kufumia. Na ukipata siku ya ziada nenda Q'eswachaka, daraja la kamba za nyasi, wanakijiji wanalisuka upya kila mwaka mwezi huo huo wa sita, la zamani wanalikata linaanguka mtoni. Inti Raymi, sikukuu ya jua ya Cusco, ni tarehe 24, vyumba vinajaa hivyo buku sasa hivi.