AD9850 au Si5351 kwa redio ya mita 40: jibu kwa mwenzetu wa Mkoani

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Umeuliza kama oskileta yako ya koili na kapasita (sakiti inayozalisha wimbi la kuchagulia stesheni), ambayo masafa yake yanahama kila chumba kikipata joto, uing'oe uweke AD9850, au uchukue Si5351 kwa kuwa bei yake ni nafuu; zote mbili ni chipu za kuzalisha masafa. Kwa redio uliyoieleza, ya mita 40 (bendi ya 7 MHz) yenye filta ya kristali ya 9 MHz na miksa ya diodi, yaani sehemu inayochanganya ishara ya antena na wimbi la oskileta, mimi ningechukua AD9850. Ndiyo ninayoitumia hapa Wete. Ila usiagize chipu kabla hujapata vitu vya filta ya kusafisha wimbi lake, maana kazi yenyewe iko kwenye filta hiyo. Chipu unainunua ikiwa imeshakamilika, usafi wa wimbi utautengeneza mwenyewe.

Ndani ya AD9850 mna hesabu tu. Kila mpigo wa saa ya 125 MHz, rejista ya biti 32 inajumlishiwa namba uliyoipa. Ikijaa inaanza upya, kama mshale wa saa uliopita kumi na mbili. Pale mshale ulipofika panageuzwa kuwa kimo cha wimbi la sine, na kigeuzi cha biti 10 kinakitoa nje kama mkondo wa umeme. Namba ikiwa kubwa mshale unazunguka haraka, masafa yanapanda. Kuipata namba, chukua masafa unayotaka, zidisha kwa 4,294,967,296, kisha gawa kwa 125,000,000. Kusikiliza 7.1 MHz kwa filta yako ya kristali ya 9 MHz unahitaji oskileta ya 16.1 MHz, yaani jumla ya hayo mawili, kwa hiyo namba yako ni 553,191,788. Ukiongeza moja tu, masafa yanasogea kwa 0.029 Hz. Hakuna kapasita ya kuzungusha itakayokupa hatua ndogo kiasi hicho, na ndiyo sababu watu wanaipenda chipu hii.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Wimbi linalotoka limejengwa kwa ngazi ngazi, na ngazi hizo zinazaa kivuli chake kwenye 125 MHz kutoa masafa yako. Kwa 16.1 MHz, kivuli kinakaa 108.9 MHz. Nguvu yake si ya kudharau: volti zake ni takriban moja ya saba ya volti za wimbi lenyewe, kabla ya filta yoyote. Na bendi ya urambazaji wa ndege inaanzia 108 MHz. Sisi Pemba tuna uwanja wa ndege, na marubani wanategemea ishara za bendi hiyo. Moduli nyingi za buluu, yaani bodi ndogo zinazouzwa zikiwa na chipu hii tayari, zina filta ndogo ya 70 MHz juu ya bodi, na inasaidia sana, lakini mimi siachi jambo hili mikononi mwa kiwanda nisichokijua. Naweka filta yangu, na moduli yote naifungia ndani ya boksi la bati. Bati la kopo la maziwa linatosha, linashika lehemu vizuri na fundi bati yeyote atakukunjia.

Filta ninayopendekeza ina kapasita tatu na koili mbili, ya ohm 50, ikikata karibu na 20 MHz. Kapasita ya mwanzo na ya mwisho ni 100 pF, ya katikati 330 pF. Koili zote mbili ni takriban 0.65 µH: kwenye toroidi (pete ya kuzungushia waya) ya njano T50-6 zungusha waya mara 13, kwenye T37-6 mara 15. Kapasita ziwe za aina ya NP0, zisizobadilika kwa joto. Zile za kahawia za bei rahisi hubadilika kwa joto, nawe joto ndilo unalolikimbia. Filta hii inakishusha kivuli cha 108.9 MHz kwa zaidi ya desibeli 70 ukiijenga kwa miguu mifupi. Ukiacha miguu mirefu ya kapasita, yenyewe inakuwa koili na hesabu yote inaharibika.

Mahali pa filta pia pana maana. Miksa ya diodi inataka wimbi la oskileta lenye nguvu ya +7 dBm, yaani kama volti 1.4 kilele hadi kilele kwenye ohm 50, na moduli haifiki hapo. Kwa hiyo weka amplifaya ndogo ya transista moja, 2N2222 au 2N3904, halafu filta ifuate baada yake. Amplifaya nayo inazalisha masafa mara mbili na mara tatu, na filta ikiwa mwisho inayasafisha yote pamoja.

Upande wa programu ni mwepesi. Kompyuta ndogo ya Arduino Nano inatosha kuipelekea chipu ile namba. Biti ni 40: 32 za masafa, 8 za fezi na udhibiti, ukianza na biti ndogo kabisa, kisha unaupiga mguu wa FQ_UD mara moja na masafa yanabadilika. Wengi hukwama kwa sababu baada ya kuiamsha chipu lazima uupige mguu wa W_CLK mara moja na FQ_UD mara moja ndipo ikubali kupokea biti moja moja. Bila hivyo moduli iko kimya, na mtu anaitupa akidhani imeungua. Ukitumia ESP32 badala ya Arduino, kumbuka mantiki yake ni volti 3.3, haitoshi kwa uhakika kwa moduli inayolishwa volti 5. Na skrini iandike pale tu enkoda (kitufe cha kuzungushia masafa) inapozungushwa, la sivyo utasikia mlio wake ndani ya hedafoni.

Umeme upitie regyuleta ya 7805. Ile bodi ndogo ya kushusha volti kwa kukatakata umeme usiiweke karibu hata kidogo. Wengi wetu huku tunatumia betri ya sola, na kidhibiti chake cha chaji kinapiga kelele mchana kutwa kwenye mawimbi mafupi. Mimi nikisikiliza kwa makini naitenganisha paneli ya sola na kubaki na betri peke yake.

Kuhusu usahihi: saa ya moduli ikikosea sehemu 50 kwa milioni, kwenye 16.1 MHz umepotea 805 Hz, na sauti ya mtu anayeongea kwa SSB, mtindo wa kurusha sauti wa mawimbi mafupi, hutaielewa hata neno. Iache moduli ipate moto kwanza. Kisha iweke itoe 10 MHz kamili, fungua redio nyingine kwenye 10 MHz, na usubiri kituo cha saa cha BPM cha China. Utasikia mawimbi mawili yakipigana. Rekebisha ile 125,000,000 ndani ya programu mpaka mapigo yawe ya polepole sana. Tofauti ya 1 Hz kwenye 10 MHz ni sawa na 12.5 Hz kwenye saa ya moduli, kwa hiyo huna haja ya kubahatisha.

Si5351 siikatai. Inatoa masafa matatu kwa pamoja, inafika 160 MHz au zaidi, inakula umeme kidogo, na ukiwa na mpango wa kubeba redio ufukweni kwa betri ndogo, ichukue hiyo. Wimbi lake ni la mraba, lakini miksa ya diodi haichukii wimbi la mraba. Nimekuchagulia AD9850 kwa sababu sine yake, ikishachujwa, unaweza kuitumia pia kupimia filta na antena, na fundi wa redio kisiwani anahitaji chombo kama hicho kuliko anavyohitaji masafa matatu.

Hewa yetu ina chumvi, kwa hiyo ukishapima na kuridhika, paka koili na sehemu ulizolehemu vanishi nyembamba. Na kabla ya kurusha chochote angani, pitia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, upate leseni na alama yako ya wito inayoanza na 5H1. Kusikiliza anza leo.

Toroidi za njano hapa madukani sizioni. Ninazo chache za T50-6, nitakupa mbili. Niandikie faraghani tu, mtu wa daladala atakuletea hadi Mkoani.