Hirschsprung: kupitia chini peke yake, au na kamera tumboni?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miezi minne alichelewa kupata choo cha kwanza alipozaliwa, na tumbo hujaa kila mara. Kutoka Arua tulipewa rufaa hadi Kampala. Kinyama kilichokatwa kupimwa kikaonyesha ugonjwa wa Hirschsprung. Daktari wa upasuaji anataka kufanyia kazi kupitia njia ya haja kubwa tu. Shemeji yangu anasema siku hizi ni kamera. Tufuate lipi? – Baba wa mtoto, Arua

JIBU: Baba, poleni kwa safari hizo. Shemeji hakukosea, ila kamera si mshindani wa njia ya chini. Hata ikitumika, utumbo huteremshwa na kushonwa kupitia hukohuko chini. Daktari wa upasuaji Georgeson alieleza njia ya kamera mwaka 1995; wenzake De la Torre na Ortega wakaeleza ile ya chini peke yake mwaka 1998.

Ugonjwa wenyewe ni huu: sehemu ya mwisho ya utumbo mpana haina seli za neva, hivyo hubaki imebana na haisukumi choo. Tunaikata, kisha tunavuta chini sehemu yenye seli. Swali linalonikosesha usingizi ni moja: seli zinaanzia wapi? Picha ya eksirei yenye dawa hukisia tu, na wakati mwingine hudanganya. Ukianza chini ukaukata utumbo, halafu ukakuta ugonjwa umepanda juu sana, umeshajifungia mlango. Kamera hupitia matundu ya milimita 3 hadi 5. Unachukua vinyama juu, vinasomwa, ndipo unaanza kukata. Pia hulegeza utumbo kwa juu, kwa hiyo mkundu hauvutwi kwa muda mrefu, na misuli ya kuzuia choo inapumzika.

Kwa ugonjwa mfupi, wa rektamu (kipande cha mwisho cha utumbo, juu ya mkundu) na sehemu inayopakana nayo, njia ya chini peke yake inatosha vizuri: hakuna kovu tumboni, na vifaa ni vichache. Mimi mwenyewe ningeikubali kwa mwanao, kwa sharti kwamba kuna mpatholojia wa kusoma kinyama mtoto akiwa bado mezani. Kama hayupo, usishangae ukiambiwa kolostomi kwanza, yaani tundu la kutolea choo tumboni. Hiyo siyo kurudi nyuma. Vilevile kama utumbo umetanuka sana, hauwezi kupita chini salama hadi unywee.

Basi muulize daktari wako: ameshafanya ngapi kwa njia hiyo, na nani atasoma kinyama?

Mkisubiri, endeleeni kuosha utumbo kama mlivyofundishwa, kwa maji ya chumvi ya hospitali, kamwe si maji matupu. Na tumbo likivimba kwa homa na choo chenye harufu kali, kabla au baada ya upasuaji, msingoje kupambazuke. Huo ni uambukizo wa utumbo, na unaua haraka.