Kura za kuazima: maswali yenu kuhusu uchaguzi wa Marekani

Meseji zimekuwa nyingi kweli tangu Novemba 2025, na nyingine naulizwa mdomo kwa mdomo hapa barazani kwa kahawa, Ngamiani, Tanga, mtu kashika kikombe mkono mmoja na simu mkono wa pili. Nimechagua tatu. Zilizobaki zinauliza hayohayo kwa maneno mengine.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi na mume wangu tumebishana mpaka chakula kimepoa mezani. 2024 Trump alishinda, majimbo yote saba ya ushindani kachukua yeye, leo mwaka tu naambiwa watu wake wamepigwa Virginia, wamepigwa New Jersey. Kwanza huo uchaguzi gani tena wakati uchaguzi mkuu umeshapita? Na Wamarekani ndo wamebadilika mara hii?" Mama wa mgahawa, Makorora

Marahaba mwanangu. Tuanze na huo uchaguzi wenyewe maana hapo ndo watu wengi wanapotea.

Wenzetu hawana siku moja ya kumaliza mambo yote. Rais ni kila miaka minne, bunge kila miaka miwili, na zote hizo zinaangukia miaka ya shufwa, 2024, 2026, 2028. Ila kuna majimbo machache yana uchaguzi wao mkubwa miaka ya witiri. Virginia na New Jersey wanachagua gavana mwaka mmoja baada ya rais, na Kentucky, Mississippi na Louisiana wanachagua mwaka mmoja kabla. Huku kwetu unajua serikali za mitaa zinatangulia, halafu mwaka unaofuata ndo uchaguzi mkuu, sasa Virginia wao wamegeuza, mkubwa unatangulia halafu huu unafuata wakati rais bado hata kiti hakijapata joto. Ndo maana dunia nzima inautolea macho, ni mara ya kwanza watu wanapata nafasi ya kumjibu rais kwa karatasi.

Tarehe 4 Novemba 2025 wakajibu. Virginia akashinda Abigail Spanberger wa Demokrati, chama kinachopingana na Warepublikani wa Trump, kwa kama pointi 15, yaani kampita mpinzani wake kwa asilimia 15 ya kura, na jimbo hilohilo mwaka mmoja nyuma Kamala Harris alilishinda kwa pointi 6 hivi. New Jersey akashinda Mikie Sherrill, Demokrati pia, kwa zaidi ya pointi 13, na hapa naomba utulie kidogo, maana aliyepigwa ni Jack Ciattarelli, na Ciattarelli huyuhuyu 2021 aligombea hapohapo akakosa kwa pointi 3 tu. Mtu yuleyule, jimbo lilelile, lakini safari hii Trump yuko Ikulu.

Sasa mume wako akikwambia "hiyo kawaida, chama cha rais huwa kinapigwa" mkubalie, kasema kweli. Tangu 1977 Virginia imekuwa ikimnyima ugavana mtu wa chama cha rais aliyepo madarakani, imeteleza mara moja tu, 2013. Obama kaingia 2009, Warepublikani wakachukua Virginia na New Jersey zote mbili, mwaka uliofuata wakaongeza viti 63 bungeni. Trump alivyoingia mara ya kwanza, 2017 akapigwa kotekote na 2018 akapoteza Baraza la Wawakilishi. Biden naye 2021, jimbo alilolishinda kwa pointi 10 mwaka uliotangulia likamchagua Glenn Youngkin, Mrepublikani, aliyekuwa anazungumzia shule za watoto na kodi ya vyakula. Kwahiyo kupigwa kwenyewe sio habari.

Habari ni nani kaenda kupiga kura, na hapa nitakaa kidogo.

Ukitaka kuelewa chaguzi hizi usifikirie uwanja wa mpira, fikiria msikiti. Ijumaa unajaa mpaka barazani, watu wanatandika mikeka nje hadi barabarani. Alfajiri nenda msikiti huohuo utakuta safu moja au mbili. Sasa ukihesabu watu wa alfajiri huwezi kusema mtaa una watu wangapi, lakini utajua nani anaamka. Uchaguzi wa rais ni Ijumaa. Uchaguzi wa mwaka wa witiri ni alfajiri.

Na mabadiliko makubwa ya siasa za Marekani kwa miaka hii kumi yako hapo hapo, vyama vimebadilishana watu wa alfajiri. Zamani Warepublikani ndo walikuwa nao, wazee, wenye nyumba zao, wasomi wenye vipato vizuri huko pembezoni mwa miji, watu ambao hawakosi kura hata ya diwani. Wademokrati walikuwa na umati wa Ijumaa, vijana, weusi, walatino, wapangaji, wanakuja kwa Obama 2008 na 2012 halafu 2010 na 2014 huwaoni, chama kinapigwa mpaka kinashangaa. Alivyokuja Trump 2016 ikageuka. Wasomi wa pembezoni mwa miji, hasa kina mama, wakahamia Demokrati, na wafanyakazi wasiokuwa na digrii wakahamia kwa Trump. Kwahiyo saivi Wademokrati ndo wana safu ya alfajiri, na Trump ana umati unaomfuata yeye, asipokuwepo yeye kwenye karatasi wengi wanabaki nyumbani.

Ushahidi upo na sio wa mbali. 2023 Wademokrati walifurahi sana, Andy Beshear katetea ugavana wake Kentucky, jimbo la Warepublikani kabisa, na Ohio wananchi wakapitisha haki ya kutoa mimba kwa kama asilimia 57. Watu wakaandika kwamba Trump kaisha. Mwaka mmoja mbele Ohio hiyohiyo Trump kaibeba kwa pointi 11 na Kentucky kwa pointi 30. Walikuwa wamehesabu alfajiri wakadhani ni Ijumaa.

Ndo maana mwaka 2025 mimi sikuangalia nani kashinda, niliangalia kaunti ya Passaic. Iko New Jersey, mji wake mkubwa ni Paterson, mji wa viwanda wa zamani, walatino wengi, waarabu wengi, wabangladeshi wapo. Ni eneo la Wademokrati miaka na miaka, lakini 2024 Trump alilichukua, na nchi nzima mwaka ule karibu nusu ya walatino walimpa kura. Hapo wengi tukasema basi, hawa ndo wamehama moja kwa moja, hata mimi barazani nilisema hivyo kwa nguvu. 2025 Passaic kamchukua Sherrill, na kwa tofauti kubwa. Sasa hao sio wasomi wa alfajiri mwanangu, hao ndo walewale wa kipato cha chini waliochoshwa na bei za vitu wakati wa Biden. Walimpa Trump kura kwa sababu ya bei. Bei hazikushuka.

Kwahiyo mimi nasema zile zilikuwa kura za kuazima. Mtu akikuazima sufuria ya kupikia pilau hajakupa, anataka irudi siku anayoihitaji, na akiona unaiunguza anakuja kuichukua hata shughuli haijaisha. Lakini wala Wademokrati wasidhani wamerudishiwa sufuria yao ya urithi, nao wameazimwa tu. Mwambie mzee hivyo, na mpashe chakula.

"Mgosi mwalimu, salama? Mi bodaboda hapa Pongwe. Dogo mmoja kanionesha ramani ya Virginia kwenye simu, karibu yote nyekundu, bluu vidoadoa tu, halafu eti kashinda wa bluu kwa mbali. Hapo si kuna namna?"

Salama mgosi. Hakuna namna. Nyekundu ni Warepublikani, bluu ni Wademokrati, ila ramani inapaka rangi ardhi, haipaki watu. Chukua mkoa wetu, Kilindi ni pori na mashamba mpaka unachoka kuendesha, Ngamiani unaimaliza kwa miguu kabla kahawa haijapoa, lakini mtaa mmoja wa Ngamiani una vichwa kiasi gani unajua mwenyewe maana ndo abiria wako. Virginia kaunti ya Fairfax peke yake, pale jirani na Washington, ina watu zaidi ya milioni moja, na kwenye ramani ni kidoa. Halafu pale kaskazini mwa Virginia wanaishi wafanyakazi wengi wa serikali kuu, waliopunguzwa kazi mwanzoni mwa 2025, na siku ya kura serikali yenyewe ilikuwa imefungwa tangu tarehe 1 Oktoba, watu hawajapata mshahara. Mtu wa hivyo anaamka mapema kwenda kupiga kura.

Mwambie dogo asitafute rangi, atafute tofauti. Sehemu nyingi zilizobaki nyekundu zilibaki nyekundu kwa tofauti ndogo kuliko ile ya Trump 2024, na ramani ya rangi mbili haiwezi kukuonesha kitu kama hicho.

"Assalaam aleykum Mwalimu. Niko chuo, likizo nipo nyumbani Raskazone. Huku kila mtu anaongelea Zohran Mamdani, Muislamu, kazaliwa Kampala, leo meya wa New York. Je ina maana Wademokrati wamehamia kushoto kabisa? Na hiyo ndo njia yao ya 2026?"

Waaleykum salaam. Furaha yenu naielewa na mimi ninayo. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alifundisha Mlimani Dar es Salaam miaka ya 70, kuna wazee wa Tanga hii walikaa darasani kwake. Na kijana kashinda kihalali, kapata kura zaidi ya milioni moja, watu waliojitokeza walizidi milioni mbili, haijatokea kwenye umeya wa New York tangu 1969. Hiyo haikuwa alfajiri, hiyo ilikuwa karibu na Ijumaa, na ilijaa vijana ambao siku zote tunaambiwa hawapigi kura miaka ya witiri.

Lakini usichukue New York ukaifanya Marekani. Usiku uleule Spanberger kashinda, na yeye alikuwa afisa wa CIA, na Sherrill alikuwa rubani wa helikopta wa jeshi la majini, wote watu wa katikati kabisa, wala hawataki kuitwa wasoshalisti. Ukiwaweka hao wawili na Mamdani meza moja watabishana mpaka usiku wa manane. Sasa jiulize wameshindaje wote siku moja.

Sikiliza walichokuwa wanaahidi. Mamdani: kodi za nyumba zisipande kwa wapangaji wa nyumba zinazodhibitiwa na jiji, mabasi yawe bure, malezi ya watoto yawe bure. Sherrill: atangaze hali ya dharura juu ya bei ya umeme na kuzizuia zisipande. Spanberger: gharama za maisha, kila mkutano. Mmoja kaja na dawa kali mwingine dawa ya kawaida, ila ugonjwa walioutaja ni mmoja. Kwa maoni yangu hilo ndo somo la 2025 kuliko kushoto na kulia, na nawaona vijana wengi mnalipita haraka kwa sababu jina la Mamdani linang'aa zaidi.

Na mfano unaonigusa kuliko wote hata haujatangazwa sana, ni wa Georgia. Sisi huku bei ya umeme inapangwa na EWURA, hakuna anayempigia kura mtu wa EWURA. Georgia wajumbe wa tume inayosimamia bei ya umeme wanachaguliwa na wananchi. Miaka karibu 20 hakuna Mdemokrati aliyeshinda cheo chochote cha jimbo zima cha serikali ya pale, mara ya mwisho ilikuwa 2006. Bili zikapanda na kupanda, sehemu yake ni gharama ya mitambo mipya ya nyuklia pale Vogtle iliyozidi dola bilioni 30. Novemba 2025 viti viwili vya tume vikagombewa, Wademokrati Alicia Johnson na Peter Hubbard wakachukua vyote, kila mmoja zaidi ya asilimia 60. Nafasi ambayo watu wengi walikuwa hata hawajui kama ipo! Kila aliyewahi kuingiza namba za LUKU usiku akaona yuniti alizopata na pesa aliyotoa haviendani, anawaelewa wale watu wa Georgia bila kufundishwa.

Ila nawe ni mwanafunzi kwahiyo nakupa na upande wa pili. Siku ile Atlanta walikuwa wanachagua meya wao, kwahiyo mji wa Wademokrati ulikuwa na sababu ya kuamka, na vijijini kwingi hapakuwa na kitu kingine kwenye karatasi. Hapo kuna pointi kadhaa zimetokana na hilo tu. Na tena kuna vita ya mipaka, Texas wamechora upya majimbo ya ubunge ili Warepublikani waongeze viti vitano, California wakajibu kwa kura ya maoni siku hiyohiyo ya Novemba, ikapita kwa zaidi ya asilimia 60, nao wachore ya kwao ya kuwafaa Wademokrati. Kwahiyo 2026 sehemu nyingine viti vitahama hata kama watu hawajahama.

Ndo maana sisemi Georgia imeshahama. Tarehe 3 Novemba 2026 wanachagua gavana, na Seneta Jon Ossoff, Mdemokrati, anatetea kiti chake, na siku hiyo vijijini nako watakuwa na sababu ya kutoka. Chukua daftari, andika zile asilimia 60 za tume ya umeme, halafu usiku ule uweke namba za Ossoff pembeni yake.