Maswali na Majibu: Mizinga ya Isandlwana

Makala yetu ya vita vya Waingereza na Wazulu vya 1879 imeleta maswali mengi, hasa kuhusu Isandlwana, mlima wa nchi ya Wazulu ambako kambi ya Waingereza ilivamiwa na kushindwa. Tujibu machache.

Waingereza walikuwa na mizinga. Iweje washindwe na watu wenye mikuki? (Msomaji, Dodoma)

Mizinga yenyewe ilikuwa miwili tu. Ilikuja sita, lakini alfajiri ya Januari 22 Lord Chelmsford, jemadari wa Waingereza, alichukua minne akaenda kuwasaka Wazulu kwingine. Iliyobaki kambini ilikuwa midogo, ya ratili 7: kombora lake halizidi sana kilo 3, na mwendo wake ni wa pole. Mizinga ya kupandisha milimani hiyo, na mbele yake walikuja watu wapatao 20,000. Kambi nayo haikuzungushiwa magari wala handaki, uzembe ambao mpaka leo sioni wa kuutetea.

Kubwa zaidi, Wazulu waliwasoma wapiga mizinga. Mzinga wa enzi zile ukilia huruka nyuma, kwa hiyo wapigaji hujitenga kando kabla ya kuufyatua. Wazulu walikuwa wakiona tu wale watu wanarudi nyuma, wanajitupa chini majanini. Kombora likishapita, wanapaza sauti “uMoya!”, yaani upepo tu, wanainuka na kusonga. Hapo nawavulia kofia.

“Pembe za nyati” ndiyo mbinu gani? (Msomaji, Nakuru)

Kifua kinakujia usoni, na macho yako yote yanakwenda huko. Wakati huo pembe mbili, aghalabu za vijana wenye mbio, zinakuzunguka kulia na kushoto. Nyuma kuna kiuno, yaani akiba. Isandlwana pembe ya kulia ilipita nyuma ya mlima ikaifunga njia ya Rorke's Drift, kivuko cha mto ambacho Waingereza walikuja nacho. Wapiga mizinga walipofunga farasi wakimbie, wakaikuta njia imejaa Wazulu. Mizinga ikakwama korongoni. Maofisa wa mizinga walikuwa wawili: Meja Stuart Smith aliuawa akikimbilia mtoni, Luteni Curling akaponea chupuchupu.

Wangoni wetu wa Songea wanahusikaje? (Msomaji, Mbinga)

Si kwa vita hivi. Zwangendaba, kiongozi wa Wangoni, na watu wake waliondoka kusini zamani, baada ya Shaka, mfalme wa Wazulu, kuwavunja Wandwandwe wa Zwide. Ila ngao, mkuki mfupi na vikosi vya marika walikuja navyo.

Kwa nini Ulundi mambo yaligeuka? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu Chelmsford alikuwa ameshapata somo. Julai 4, hapo Ulundi, makao makuu ya mfalme wa Wazulu, alipanga askari zaidi ya 5,000 katika umbo la mraba, kila upande ukitazama nje, akachomeka kati yao mizinga 12 na bunduki 2 za Gatling, zinazomimina risasi mfululizo. Pembe zilizunguka kama kawaida, lakini zizunguke zifike wapi? Mraba hauna mgongo. Na safari hii watu waliokuja wamesongamana walipigwa kutoka karibu kwa makopo ya risasi, yaani makombora ya mzinga yanayotawanya risasi nyingi kwa mkupuo. Haikufika saa moja. Wazulu zaidi ya 1,000 walikufa. Upande wa Waingereza kumi na kitu.

Wazulu waliitumia ile mizinga miwili waliyoiteka? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Waliikokota hadi Ulundi, kwa mfalme Cetshwayo, lakini hawakuwahi kuipiga vitani. Bunduki za Martini-Henry walizookota Isandlwana ndizo walizozitumia; kwenye vita vya Khambula, mwezi Machi, ziliwasumbua sana Waingereza. Mizinga ilirudi mikononi mwa wenyewe mwaka huohuo.